Wimbo Ulioitwa Kikohozi

Machi 2

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandika namba za rekodi, lakini kurasa zimezidi rekodi, kwa hiyo nitaandika na mengine. Kaka amelitazama akasema mtu mwenye shajara ana siri. Mimi siri sina, nina hasira tu, na afadhali nizimwage humu kuliko mezani.

Leo tumeanza albamu ya pili. Chumba ni kile kile ambacho Mama alikuwa akishonea nguo alipokuwa na nguvu: magodoro manne yamesimamishwa ukutani, zulia dirishani, bati juu. Upande mmoja ni jikoni, upande wa pili ni chumba cha Mama. Kaka anapiga gitaa na kuimba. Bonge anapiga ngoma, na mchana anachomelea mageti, kwa hiyo hajui kufanya kitu polepole. Mwalimu anapiga besi, na kweli ni mwalimu, wa hesabu. Mimi, mdogo wake Kaka wa kike, nakaa kwenye kompyuta na hedifoni masikioni, ndiyo maana wananiita Fundi hata nikiwa napika. Muziki wetu ni roki, makelele matupu, na bado hakuna kitu kinachonikera duniani kama kelele isiyoalikwa.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Lori". Niandike utaratibu wetu, maana mtu akisoma atadhani tumechanganyikiwa. Sisi wimbo mpya hatuupi jina lake. Tunauita kwa kelele iliyouharibu mara ya kwanza tuliporekodi. Leo Kaka alikuwa katikati ya ubeti, macho ameyafumba, lori likaanza kurudi nyuma barabarani, pii, pii, pii, mpaka tukaweka vyombo chini. Basi, "Lori". Kaka anasema wimbo ukipewa jina zuri mapema unaanza kuringa na hauandikiki tena. Jina la kweli huja maneno yakikamilika.

Machi 3

Mvua. Bati likipigwa na mvua hata Bonge hasikiki. Hakuna kazi.

Machi 5

Nyimbo mbili kwa siku moja. "Mfuniko" ni kosa langu, niliuacha ukingoni mwa jiko ukaanguka. "Chafya" ni ya Bonge, na aliipiga kwa moyo wote.

Machi 8

Nimesafisha "Lori". Kusafisha maana yake ni kuketi na rekodi sekunde kwa sekunde, kuiondoa kelele bila kugusa sauti ya mtu, kama unavyotoa mwiba kwenye samaki wa mtoto. Kisha nikaifuta rekodi mbichi.

Hiyo ni sheria yangu na sibembelezeki. Kwenye albamu ya kwanza tuliweka mbichi na safi pamoja, na mimi mwenyewe, kwa uchovu, nikaipelekea kampuni inayotoa albamu zetu rekodi mbichi ya wimbo wa tano. Ukatoka hivyo hivyo, na Bonge ndani yake akiuliza kama chooni kuna mtu. Mpaka leo watu wanamsimamisha barabarani kumuuliza kama hatimaye aliingia. Toka hapo: ikishasafishwa, mbichi inafutwa hapo hapo. Kaka alikubali, wote walikubali.

Machi 10

Mama mdogo amekuja na begi lake. Amesema atakaa wiki mbili, lakini begi ni la mtu wa miezi. Ni mdogo wake Mama wa tumbo moja, na alipomwona dada yake amekaa kitandani ameegemea mito mitatu, alienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Daktari amesema moyo wa Mama umetanuka na maji yanapanda mapafuni. Ametuandikia vidonge vya kupunguza maji na ametuambia tumlaze akiwa ameinuka. Mimi ndiye ninayemwinua. Mimi ndiye ninayebadilisha shuka, ninayehesabu vidonge, ninayemsugua miguu iliyovimba. Kaka yeye hufika mlangoni, hushika fremu, husema, "Mama, umeamkaje?" na akijibiwa huondoka. Anapita kama mpangaji. Nimemwambia Mama mdogo kwamba mtoto wa kiume wa nyumba hii amezaliwa na gitaa badala ya moyo. Mama mdogo akaniambia nipunguze ulimi.

Machi 13

Maneno ya "Lori" yamekamilika, na Kaka ametangaza jina lake la kweli: "Safari Isiyo na Abiria". Nilimpelekea Mama habari hiyo pamoja na chai. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa huyo dereva anakwenda kufanya nini?"

Yeye nyimbo zote anazijua kwa majina ya kelele. Kila siku ananiuliza "Mfuniko" umefikia wapi, "Chafya" imepona au bado. Majina ya kweli anasema yanamchosha, yamevaa tai.

Machi 14

"Nzi". Aliingia ndani ya maiki kabisa. Nilimsikia masikioni mkubwa kuliko ndege.

Machi 17

Wimbo wa tano leo, na huu si wa makelele. Kaka peke yake na gitaa, Bonge akigusa tu ngoma kubwa kwa mbali. Sikujua kama ndugu yangu ana wimbo wa aina hiyo tumboni. Mvua ilikuwa imekatika, hakuna gari, hakuna mtoto wa jirani, hata bomba la jikoni liliacha kudondosha. Nilikaa sijapumua. Katikati ya ubeti wa pili, nyuma ya ukuta, Mama akakohoa. Mara tatu.

Nilikasirika. Naandika kweli, maana hapa nimekuja kuandika kweli. Ilikuwa rekodi bora ya msimu mzima, na nilimkasirikia mama yangu mzazi kwa kukohoa nyumbani kwake. Nilivua hedifoni nikazitupa mezani. Bonge ndiye aliyesema, taratibu, "Basi, 'Kikohozi'."

Nilipomwambia Mama, alicheka mpaka akakohoa tena na Mama mdogo akanifukuza chumbani. Kabla sijatoka alisema, "Mwenzenu nimekuwa mwanamuziki uzeeni."

Machi 20

Mvua.

Machi 21

Mvua. Mama hakula.

Machi 22

Mvua. Paa linavuja juu ya spika ya Mwalimu. Tumeweka beseni, na beseni lenyewe lina sauti yake. Bonge anasema na lenyewe lirekodiwe.

Machi 26

Mama ameniuliza, "Wimbo wangu mmeufikisha wapi?" Siku hizi "Mfuniko" na "Chafya" hazimhusu tena. Nikamwambia maneno bado. Akasema nimwambie Kaka asiupe jina la kuvaa tai.

Nilimwambia Kaka kuwa Mama anaulizia, aende mwenyewe amjibu. Akaenda. Nilimchungulia. Alifika mlangoni, akashika fremu, akasema jina bado hajalipata, akarudi. Sekunde ishirini hazikufika. Nilitaka kumrushia sahani.

Machi 30

Maneno yamekamilika, jina bado. Nimesafisha "Kikohozi". Dakika arobaini. Kikohozi cha tatu kilikuwa kimekalia neno, kikanisumbua, lakini kimetoka na neno limebaki zima. Nimefuta mbichi.

Machi 31

"Bawaba". Mlango wa jikoni, nimeupaka mafuta.

Aprili 2

"Kengele", ya baiskeli ya muuza maziwa. Bado wimbo mmoja na mwili sina.

Aprili 4

Tumempeleka Mama hospitali asubuhi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Wodi ina vitanda kumi na viwili na viti viwili, tunapokezana na Mama mdogo.

Aprili 6

Amefariki. Saa tano asubuhi.

Nitaandika nilivyoona, kwa sababu nikiacha nitaanza kukumbuka vingine. Niliamka saa kumi na mbili nikampelekea uji, hakuutaka. Alitaka maji, akanywa vijiko vinne. Aliuliza kama mvua imekatika, nikamwambia imekatika. Akasema basi nirudi nyumbani, vijana watakuwa wananingoja kurekodi. Nikamwambia leo hakuna kurekodi. Kupumua kwake kulikuwa kwa juu juu, mabega yakifanya kazi yote. Saa nne na nusu aliomba nimgeuzie mto, nikageuza. Akasema upande ule ulikuwa bora, nikaurudisha. Sijui kwa nini hilo la mto linanirudia kuliko mengine yote.

Baadaye alinyamaza, na mimi nikadhani amepumzika. Nilifurahi, naona aibu kuandika. Nilifurahi kwamba hakohoi. Nilikaa nimemshika mkono nikifurahia kimya kwa muda ambao siujui, mpaka mama wa kitanda cha jirani akaniambia, "Dada, mwite nesi."

Mama mdogo alikuwa nje akinunua sabuni. Kaka alikuwa kampuni, aliitwa akatie saini karatasi za albamu. Alifika saa saba, viatu vimelowa, akasimama mlangoni mwa wodi na kushika fremu. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Sikumwendea. Nilimwacha asimame pale, nikamwambia mwishoni kwa sauti iliyosikika na wagonjwa: "Ingia basi, leo hatakujibu."

Aprili 7

Tumemzika.

Aprili 11

Mvua. Kaka hatoki chumbani kwake. Kwangu sawa tu.

Aprili 14

Tulikuwa mezani, sisi wawili na Mama mdogo, na Bonge na Mwalimu ambao huja kila jioni na kukaa. Mama mdogo akasema anaanza kuisahau sauti ya dada yake. Sura anaiona, lakini sauti akiitafuta inamponyoka. Akaomba tumsikilizishe kidogo.

Tukaanza kutafuta. Mama alikuwa na simu ya vitufe, hakuwahi kumtumia mtu ujumbe wa sauti. Kwenye video ya harusi ya binamu yupo, amekaa meza ya tatu, anamweleza mtu jambo kwa mikono miwili, midomo inakwenda, na juu yake muziki wa ukumbi umefunika kila kitu. Tuliirudia mara sita. Picha tunazo kabati zima, sauti hatuna. Na mimi kazi yangu ni kurekodi. Nimerekodi lori, nimerekodi nzi, nimerekodi mpaka chafya ya Bonge. Mama yangu sikumwekea maiki hata siku moja.

Kaka, ambaye toka mazishi hajasema maneno kumi, akainua kichwa. "Ipo," akasema. "Kile kikohozi. Fundi, si tunacho kile kikohozi?"

Wote wakanigeukia. Mama mdogo alishika kifua. Nilijua nilichokifuta, nilijua na tarehe, imeandikwa humu. Nikasema, "Kipo. Nitakitafuta."

Aprili 15

Nimeipeleka kompyuta kwa fundi wa kompyuta, mtu mpole, anafanya kazi kwenye chumba chenye feni tu. Ameitafuta saa tatu nzima. Amesema mahali ilipokuwa rekodi ile "Bawaba" na "Kengele" zimeshajilaza juu yake, hakuna kilichobaki cha kuinua. Akaniuliza kama kilikuwa kitu cha maana. Nikamwambia ilikuwa kelele.

Aprili 16

Mama mdogo ameniuliza mara mbili. Nimesema kompyuta ina shida.

Aprili 17

Nimefanya jambo.

Mvua ilikatika saa tatu asubuhi. Mama mdogo alikwenda sokoni, Kaka nilidhani amelala. Nikaweka maiki pale pale ilipokuwa siku ile, hatua mbili kutoka ukutani, nikaiwasha. Nikaingia chumbani kwa Mama, nikafunga mlango, nikapanda kitandani, nikaegemea mito mitatu. Nikakohoa.

Mara ya kwanza nilikohoa kama mtu aliyepaliwa. Nikajaribu tena, chini zaidi, kutoka kwenye mbavu. Yeye alianza na kikavu, kisha kirefu chenye maji, kisha kidogo cha kuomba radhi. Nilikuwa nakijua, nimekisikia mwaka mzima kupitia ule ukuta, nimekilaani. Nikatoka nikaenda kusikiliza, nikarudi. Nilikwenda na kurudi hivyo mpaka koo likachubuka, na mwishoni nilipokohoa nilikuwa pia nalia, na hiyo ndiyo iliyofanana.

Nikaiunganisha na rekodi safi yenyewe, katikati ya ubeti wa pili, mahali pake. Nimesafisha rekodi miaka minane, leo ni mara ya kwanza kuchafua.

Aprili 18

Nimewasikilizisha. Niliweka spika kubwa. Ubeti wa pili ulipofika, Mama akakohoa nyuma ya ukuta, mara tatu, na Mama mdogo akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Bonge alivua kofia. Mwalimu alitazama sakafu. Kaka alikuwa amekaa karibu na spika na mkono mdomoni, na aliponitazama alinitazama kwa muda mrefu, macho yamejaa.

Kisha akasema, "Huu haubadilishwi jina. Unatoka unaitwa 'Kikohozi'."

Nikatoka nje nikasimama uani.

Aprili 21

Mama mdogo ameniomba nimwekee kwenye simu yake, kile kipande tu, sekunde sita. Nimemwekea.

Aprili 24

Anakisikiliza asubuhi akifagia. Hukiweka mara tatu nne, halafu anaitia simu mfukoni na kuendelea na ufagio. Leo ameniambia analala vizuri siku hizi. Ameninenepesha kwa shukrani na mimi chakula hakishuki.

Aprili 27

Tumerekodi wimbo wa mwisho katikati ya mvua, tukakubali iingie. "Bati".

Mei 3

Amekuja msimamizi wa kampuni, mama mwenye viatu vya gharama, akavivua mlangoni mwenyewe kwa heshima. Ametupa pole, na nilimwona ilitoka moyoni. Kisha akafungua karatasi. Nyimbo saba majina ameyapenda. La nane hapana. Akasema kwa upole kabisa kwamba hakuna mtangazaji atakayefungua kinywa redioni kuwaambia watu watulie wasikilize "Kikohozi". Na hiyo kelele katikati, akaomba iondolewe, mafundi wake wanasema ni kasoro.

Kaka akamwambia jina halibadiliki na kelele haiondoki. Akasema hivyo mara tatu, kila mara kwa maneno machache zaidi. Msimamizi akasema albamu inakwenda kuchapwa tarehe kumi na mbili, na majina yasipokamilika tarehe kumi haitachapwa, na mwaka huu hakuna nafasi nyingine. Kaka akajibu, "Basi isichapwe."

Bonge karakana nzima imeshajua albamu inatoka lini. Mwalimu amewanyima wanafunzi wake Jumamosi zote za miaka miwili. Hawakusema neno mbele ya mgeni. Alipoondoka, Mwalimu alimwambia Kaka kwamba anamwelewa, kisha akachukua mwavuli wake akaenda, na Mwalimu huwa haondoki bila kuaga watu wote.

Mei 5

Mvua. Kaka ameandika barua ya kuiondoa albamu. Ipo mezani, haijatiwa saini. Nimeipita mara ishirini.

Nimegundua kwamba siku hizi simkasirikii tena. Nimezoea kumwona kama mtu asiyejali, na huyu anakwenda kuvunja kazi ya maisha yake kwa ajili ya sekunde sita za Mama. Na si za Mama.

Mei 8

Nimesema.

Kaka alikuwa chumba cha kurekodi anabadilisha nyuzi za gitaa. Nikakaa kwenye kiti changu nikamwambia bila kuzunguka: rekodi mbichi niliifuta tarehe thelathini Machi, fundi wa kompyuta ameshindwa, kile kikohozi ni changu, nimekikohoa mimi, usiipoteze albamu kwa uongo wangu. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Akaendelea kukaza uzi. "Najua," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikaanza upya. Akanikatiza.

"Toka siku ile ulipotusikilizisha najua. Umeingia juu ya pigo la kwanza, mara zote tatu. Mama alikohoa popote pale, kimoja kilikalia neno. Mgonjwa hangojei ngoma, mdogo wangu. Wewe umekohoa kama mtu wa bendi."

Miaka minane ya kazi, na sikio lililonilisha ndilo lililonichongea. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini aligombana na kampuni kwa kitu anachojua ni cha bandia.

Aliweka gitaa chini. "Mimi sijawahi kuingia chumba kile," akasema. "Hata alipokuwa hai niliishia mlangoni, si uliona. Nilikuwa naogopa. Nikimwona anavyovuta pumzi nilikuwa nashindwa kuvuta yangu. Na siku ile hospitali vilevile. Halafu asubuhi ile nilikuwa uani, nikakusikia upo kitandani kwake unakohoa. Nilihesabu mara ishirini na mbili. Nikasema, kama hicho ndicho kilichobaki, basi acha nikipiganie."

Nililia, naye akalia, hatukushikana, sisi si watu wa kushikana. Nilimwomba msamaha kwa yale ya wodini, leo hatakujibu, nilivyomwambia mbele ya watu. Akasema yale yalikuwa kweli. Nikamwambia hayakuwa kweli, yalikuwa hasira. Kisha nikamshika mkono kama mtoto nikampeleka chumbani kwa Mama. Alisimama mlangoni, fremu akaishika. Nikangoja. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Tulikaa mle mpaka Mama mdogo akatuita kula. Kuhusu wimbo Kaka alisema nifanye ninavyoona, mimi ndiye fundi.

Mei 9

Nimesafisha "Kikohozi" kwa mara ya pili. Dakika kumi tu, kikohozi kinachofuata ngoma ni rahisi kutoa.

Mbichi nimefuta. Sikusita, lakini nilikaa muda na kidole juu ya kitufe.

Mei 10

Majina yamepelekwa. Wimbo wa nane unaitwa "Chumba cha Pili". Ni mara ya kwanza Kaka kutoa jina ambalo mtu mzima anaweza kulitamka bila kuona haya. Bonge amenikumbatia mpaka mifupa ikalia. Mwalimu amerudi, akaaga alipoondoka.

Mama mdogo hatujamwambia. Kaka alisema amwambie yeye, nikakataa, hili ni langu. Nimesema kesho.

Mei 11

Kesho.

Mei 19

Jua siku ya tatu. Mama mdogo anakisikiliza akianika nguo.

Juni 8

Albamu imetoka. Mvua zimekwisha, vumbi limerudi. Mama mdogo anaondoka kesho kwake, begi lipo sebuleni limeshafungwa, na nakala imeletwa asubuhi na Bonge mwenyewe, ameibeba kwa mikono miwili. Tukakaa wote tukasikiliza toka mwanzo. Nyimbo zilipita na majina yao mazuri, na mimi kimoyomoyo nikiziita "Lori", "Mfuniko", "Nzi".

"Chumba cha Pili" ulipoanza, Mama mdogo alijiweka sawa kwenye kiti. Ulipofika ubeti wa pili aliinua mkono kumnyamazisha Bonge, ambaye hata hakuwa anasema, na akauacha juu. Akangoja. Kaka akaimba lile neno, likapita zima, safi, na ubeti ukaisha. Mkono ulikuwa bado juu.

"Mbona mmemtoa?" akasema.

Kaka alifungua mdomo, nikamwashiria aache. Nikazima spika, nikapiga magoti mbele ya kiti cha Mama mdogo, nikamweleza. Kwamba dada yake nilimtoa mimi, tarehe thelathini Machi, akiwa hai upande wa pili wa ukuta, kwa sababu alikuwa ananiharibia kazi. Kwamba niliona haya kusema. Kwamba anayemsikiliza kila asubuhi akifagia ni mimi.

Akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasikiliza zile sekunde sita mpaka mwisho, akinitazama mdomoni. Nilinyoosha mkono nikamwomba anipe, nikifute, asiondoke na uongo. Akaivuta simu kifuani.

"Kiache," akasema. "Dada ndiyo basi, mwanangu, hatumpati tena. Na wewe nilikuwa nina picha zako tu, sauti yako sikuwa nayo."

Akaniinua kutoka sakafuni kwa kwapa, kama mtu mzima anavyomwinua mtoto. Kisha akaomba tuurudie ule wimbo toka mwanzo. Tukaurudia, na ubeti wa pili ulipofika hakuinua mkono.